Nyumba ya Mnoaji wa Misumeno

King'ora cha saa kumi kilipolia, watu walimiminika getini kwa kiwanda cha mbao, na binti wa mnoaji, gauni lake la njano limemkaa sawasawa, akagongana na mwanamume aliyejaa vumbi la mbao kuanzia nywele hadi kope.

"Loo! Gauni langu!"

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Na rangi yote hii? Una macho kweli?"

"Sasa nayo. Tena hayataki kuondoka."

Binti akacheka bila kutaka. Siku hiyohiyo akamwita Vumbi, na jina likaganda.

Mji ule wote ulikuwa wa kampuni: duka, zahanati, hadi kiti cha kinyozi. Kampuni ilitangulia na misumeno yake, mji ukafuata. Nyumba zilipangwa safu kwa safu, rangi moja. Ukiwa na kazi, una nyumba. Kazi ikiisha, siku thelathini, utoke. Makapera walilala bwenini, wanane chumba kimoja, kwani nyumba ilikuwa ya mwenye mke. Mzee mnoaji alikuwepo tangu ubao wa kwanza ulipopasuliwa. Alinoa misumeno miaka ishirini na sita, na nyumba yake aliipigilia misumari mwenyewe.

Mwaka mzima mapenzi yalinoga. Vumbi alipiga simu kila mchana, mashine zikinyamaza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi sauti yako inanishibisha."

"Vizuri. Basi Jumapili usiniombe chakula."

"Jumapili nakuja na habari. Usiulize!"

Habari yenyewe ni kwamba alikuwa amejaza fomu ya nyumba, ile ya wanaotarajia kuoa, ili akija kuposa aje na ufunguo mkononi. Mwanamume mwenye akili zake, akaandika nyumba yoyote, wala asiulize itapatikanaje! Mzaliwa wa pale angeuliza. Pale nyumba haikuwa wazi mpaka mtu atolewe.

Wiki hiyo daktari wa kampuni alimpima mzee macho, akaandika hafai tena kazi. Alhamisi asubuhi karani wa nyumba akaja kupima vyumba. Binti alikuwa anammiminia baba yake chai.

"Anahamia nani?" akauliza.

"Kijana wa msumeno mkubwa, yule Vumbi. Nasikia anaoa."

Binti akaweka birika chini. Jirani aliyesimama mlangoni akaguna, "Kufa kufaana."

Binti akachukua simu. "Macho ya baba nilikuambia wewe peke yako! Kwa siri! Ukaenda kuniuza?"

"Haki ya Mungu sikumwambia mtu! Nakuja!"

Alikuja mbio, jasho limegandisha vumbi usoni, ufunguo mkononi.

"Nilitaka kuurudisha. Wamesema nikiurudisha anapewa msimamizi wa zamu, na ninyi mtatoka vilevile. Mpenzi, tuoane. Mkae wote hapa, baba, mama, wote."

Mzee alisikia. "Mwanangu, mimi siwezi kupiga hodi kwenye nyumba yangu. Mimi na mama yako tunaondoka. Wewe fuata moyo wako."

Binti akamtazama Vumbi na kuona hasemi uongo. Hapo ndipo uchungu ulipozidi, maana angekuwa mwongo angemfukuza na mambo yakaisha.

"Nakuamini," akasema. "Na nakupenda, usidhani sikupendi. Lakini nitaamka kila siku chumbani kwa baba, na baba hayupo. Nitakuchukia, Vumbi. Si leo. Polepole."

"Usiseme hivyo."

"Afadhali niondoke nikiwa bado nakupenda."

Wakapakia magodoro kwenye lori, wakaenda kwa shangazi, mji mwingine. Wiki ya tatu simu ikalia.

"Bado nalala bwenini," Vumbi akasema. "Nyumba nimeifunga. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi nilete cheti cha ndoa."

Binti aligeuka. Chumba cha pili baba yake alikuwa akipapasa ukuta mgeni, akiutafuta mlango.

"Oa," akasema.

"Nimuoe nani?"

"Sijui. Lakini oa, mpenzi. Sitaki msimamizi aingie mle."

Akakata simu, akaenda kumshika baba yake mkono.