Sibidu Ndani ya Joho la Baba

Siku ya tisini, mikono ya joho ikamtosha Sibidu.

Siku ya kwanza ilikuwa imemzidi shibiri nzima, na wanawake walicheka chinichini wakimwona anaikunja ili ale. Marehemu baba yake, Mfalme wa Kombiga, alikuwa pande la mtu. Sasa vidole vya Sibidu vilichomoza vyenyewe, na hakuna fundi aliyeligusa joho lile.

"Labda limerudi kwa kufuliwa," alisema.

"Hilo halifuliwi," Shangazi Raspoko akamjibu, bila kumtazama.

Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mfalme akifa, binti yake mkubwa huvaa joho na kofia yake, hukalia kigoda chake, na watu humsujudia na kumwita Baba, mpaka wazee wachague mfalme mpya. Huyo mpya ndiye humvua. Ni kazi ya wiki mbili tatu hivi. Sibidu alimwacha mwanawe Kuka, wa miezi saba, kwa mumewe Nobila, akaahidi kurudi kabla mtoto hajaota jino. Malkia wa namna hiyo hashiki mtoto wala haendi kwa mume, kwani kwa siku hizo yeye si mke wa mtu.

Kisha wanajeshi wakapindua serikali kule Wagadugu, mji mkuu, redio ikatangaza kwamba habari za wafalme basi. Issaka, mwalimu wa shule, akawa mwenyekiti wa kamati ya mapinduzi pale kijijini, akapiga marufuku kuchagua mfalme. Wazee wakafyata mkia. Katika kelele zote zile hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya joho kuna mtu, na kusema kweli hilo linaniuma mpaka leo.

Tena ndani ya joho walikuwa wawili. Kwanza ilikuja harufu ya ugoro wa baba yake, ikitoka kwenye jasho lake mwenyewe. Halafu, mchana mmoja wa jua kali, boma zima limejilaza kivulini, alisikia kikohozi kile kizito cha mzee, akageuka kutazama mlangoni, akatazama nyuma ya mitungi, akarudi kuketi, na kiliporudia mara ya pili akaelewa, mkono ukiwa umeganda kifuani, kwamba kinatokea chini ya mbavu zake.

"Shangazi, nivue," alinong'ona. "Nakuomba. Maziwa yamekauka."

"Sithubutu, mwanangu. Ukivuliwa na asiye mfalme, mzimu wa baba yako utakosa pa kukaa."

"Si aende kwa wafu wenzake?"

"Apitie wapi? Wa kumfungulia hajachaguliwa."

Wiki hiyohiyo Issaka akamwita kwenye mkutano, uwanja wa shule.

"Ndugu zangu, malkia wenu huyu hapa. Mama mzima anavaa nguo za maiti, mumewe yuko nyumbani anasonga ugali." Watu wakacheka. "Haya dada, bado unalitaka hili vazi la kikabaila?"

Kule nyuma Raspoko alikuwa akitikisa kichwa. Sibidu alimwona. Lakini kwa siku tisini alikuwa ameota kitu kimoja tu, uzito wa Kuka mikononi mwake.

"Nivue, mwalimu," alisema. "Fanya haraka."

Joho lilitoka kwa kuvutwa, kama kitambaa kilichogandia kidonda. Wakalimwagia mafuta ya taa pamoja na kofia, wakachoma palepale. Sibidu akabaki na kanga yake ya zamani, amekonda, mwepesi, analia kwa furaha. Akashika njia ya kwa mumewe.

Nobila alikuwa akimsubiri barabarani na baiskeli, Kuka kamfunga mgongoni, wala hajali wanaomcheka.

"Mama Kuka," alianza, akitabasamu, kisha tabasamu likamtoka kidogokidogo, akailaza baiskeli chini kwa uangalifu, akavua kofia, na bila kuambiwa na mtu akapiga magoti vumbini, akaweka viwiko ardhini na kuanza kuipiga ardhi kwa ngumi, polepole, kama anavyosalimiwa mtu mmoja tu hapa Kombiga, huku Kuka akichungulia begani kwake na kuficha uso.

Sibidu alitaka kumwambia, inuka mume wangu, ni mimi. Alitaka kwa nguvu zake zote. Mdomo ukafunguka, na kutoka huko ndani alikobanwa akamsikia baba yake akiitikia salamu.