Jiwe Lililogonga Bomba la Moshi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rhobi alifuta vioo vya gari la mama yake, kisha akawasha injini ipate joto. Alikuwa darasa la sita pale Nyakunguru. Mama yake, Elieth, alimruhusu kuwasha tu. Kuendesha alimkataza.

Jumatatu moja, mama akiwa bado anakamua ng'ombe, Rhobi alijaribu kurudisha gari nyuma kidogo. Kitu kikagonga chini. Aliinama, akaona jiwe limebana bomba la moshi. Akalirudisha gari mahali pake, akanyamaza.

Jumatano taa ya njano ya injini ikawaka. Mama alipata wasiwasi. Ijumaa alipaswa kumchukua bibi yake Rhobi kule Susuni, ampeleke Tarime mjini kwa madaktari wa macho, ambao wangeondoka siku hiyohiyo. Bibi alikuwa na nyonga mbovu, asingeweza kupanda pikipiki.

Fundi Sadock alichomeka kifaa chake cha kupimia.

"P0420," alisoma. "Kinasema masega, hicho kichujio cha ndani ya bomba la moshi, hayasafishi moshi vizuri. Mama Rhobi, gari liligonga kitu?"

"Hapana. Rhobi, wewe uliona chochote?"

Rhobi alitazama viatu vyake. "Sikuona, mama."

"Basi masega yamekufa," alisema fundi.

Alhamisi aliyakata na kuyatoa, akaagiza mengine Mwanza. Ijumaa nzima gari lilikaa juu ya mawe. Madaktari wakaondoka.

Jumamosi masega mapya yalifungwa. Baada ya mwendo mfupi, taa ikawaka tena. Mama aliketi kwenye ngazi ya nyumba. Rhobi alishindwa kuvumilia, akaeleza yote huku akilia.

Sadock aliingia uvunguni na tochi. Nyuma ya bati la kukinga joto aliona ufa kwenye bomba la moshi.

"Hewa inaingia hapa na kukidanganya kihisi kinachopima moshi," alisema. "Masega ya kwanza yalikuwa mazima. Na mimi nimekosea, nilipaswa kuchungulia kabla ya kukata."

Alichomelea ufa, na taa haikuwaka tena.

Jumapili Rhobi alikwenda Susuni na mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Rhobi." Akamweleza kila kitu.

"Nilidhani gari limechoka tu," alisema bibi. "Mjukuu wangu, fundi ana kifaa chake, lakini kifaa hakijui ulichokiona wewe. Ukiulizwa, sema ukweli, hata kama utaadhibiwa. Ukichelewa kusema, adhabu anaibeba mtu mwingine."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Madaktari wamesema watarudi mwakani. Nitasubiri."

Bibi alinyoosha mkono kutafuta kikombe chake cha uji, akakikosa. Rhobi alikisogeza taratibu mpaka vidole vya bibi vikakigusa.