Kisanduku cha Mwangwi

Mambo haya yalimpata rafiki yetu Kasoki, mwimbaji wa mtaa wa Hewa Bora, mwaka ule wa fujo Wakasai, watu waliotoka Kasai, walipofukuzwa mjini kwetu. Wapiga muziki wake wote walikuwa Wakasai, nao walikuwa wamepanda treni wakaenda zao, na arusi ya mdogo wake ilikuwa imekaribia. Ilimbidi aimbe peke yake.

Mchana mmoja alikwenda mtaa wa Kenya, mjini humo humo, kwa Papa Emery, muuza vyombo vya muziki. Mlango ulifungwa kwa kuogopa waporaji, wakawasha taa ndani. Mikro ya kwanza, yaani maikrofoni, ilipiga mluzi. Ya pili ilimeza maneno. Ya tatu ilinguruma kama tumbo lenye njaa.

“Papa, unataka bantu banicheke?”

“Za muzuri banaiba zote, mama. Jaribu hii ya kukanyaga na mguu. Itakurudishia sauti, utakuwa sawa bantu babili.”

Kasoki alikanyaga kisanduku ambacho Emery alimwekea miguuni, akaimba ubeti wa kwanza wa wimbo aliokuwa akimtungia bibi arusi. Mwangwi ukarudi umechelewa, ukamvuruga. Akaanza upya. Ukachelewa tena. Akaitupa mikro mezani kwa hasira.

“Zima, papa! Inanipoteza!”

Kabla Emery hajainuka, umeme ulikatika mtaa mzima. Taa ikazimika, mvumo wa spika ukafa. Gizani mtu alikuwa anahema.

“Njo weye unahema, mama?”

“Hapana, papa.”

Ndipo kutoka kwenye spika Kasoki akasikia sauti yake mwenyewe ikivuta pumzi, halafu ikaimba, taratibu, ubeti wa pili, ambao alikuwa bado hajautunga.