Shati Lililoanikwa Mbele ya Barabara

Soko kuu la Kigali lilikuwa limefurika siku ile ya Januari, mwaka wa tisini na nne. Nyiraneza alikuwa akijipenyeza kati ya watu na nyuzi zake za cherehani, mara kitu cha baridi kikamrukia kifuani. Akajitazama. Blauzi yake nyeupe, aliyoishona mwenyewe na kuitia kola ya lesi, ilikuwa nyekundu tupu.

“Dada, usijipanguse kwanza,” mwanamume mmoja akasema.

Alikuwa mrefu, suruali ya kaki imepigwa pasi, mkononi pampu ya baiskeli yenye mpira wa dripu ukining’inia. Hakumtazama usoni. Alitazama doa.

“Umenimwagia nini?”

“Damu. Nilikuwa najaribu tu, pampu ikanishinda.”

Nyiraneza akanusa. “Hii siro, sharubati ya kunywa, sha. Ona inavyokimbia. Damu haikimbii hivi, damu inakaa.”

“Na wewe damu umeijulia wapi?”

“Kwetu mchinja kuku ni mimi.”

Hapo ndipo alipoinua macho, akacheka, na Nyiraneza akasahau kukasirika. Jina lake Jean-Berchmans. Alikuwa akipiga video za harusi kwa kamera ile kubwa ya begani, na sasa alitaka kutengeneza filamu yake mwenyewe, ya mapenzi, ambamo kijana anapigwa risasi na majambazi na kufia mikononi mwa mpenzi wake. Tatizo ni damu. Kwenye kamera ilitoka kama Fanta.

Nyiraneza akamkorogea uji mwepesi wa unga wa muhogo, akatia siro, akatia kahawa mpaka wekundu ukaiva. Ukashika kwenye kitambaa, ukashuka polepole. Berchmans akautazama ukishuka, kisha akamtazama aliyeukoroga, na huko akakawia.

Tangu hapo simu ya dukani kwa Benon, pale Nyakabanda, ikawa yao.

“Fundi wangu wa damu amekula?”

“Amekula. Na wewe?”

“Mimi nangoja kualikwa, sheri.”

“Kwaresima inaingia. Funga tu.”

Benon alikuwa akifuta mizani iliyokwisha kung’aa ili asikie vizuri.

Kualikwa kwenyewe kulikuwa kazi. Mama yake Nyiraneza, Générose, kiuno kilimlaza, siku nzima alikuwa kitandani na rozari yake, na Kwaresima kwake ilikuwa Kwaresima. Redio haikuimba. Posa haikuzungumzwa. “Binti hatolewi mwezi huu,” alisema. “Pasaka ipite, wazee wake waje.” Nyiraneza akarudi kwenye cherehani yake. Kungoja alikuwa amekuzoea.

Siku ya kupiga tukio la kifo walikutana uani mwa Berchmans. Berchmans akaisimamisha kamera mezani, akaiwasha, akafunga mpira wa pampu chini ya shati jeupe, akaanguka, akalala mapajani mwa Uwamahoro, mwigizaji wake, msichana wa gauni la njano na midomo ya kupaka. Nyiraneza alichuchumaa pembeni na pampu, mahali kamera isipofika. Akaona vidole vya Uwamahoro vikipita kwenye nywele za mtu wake. Vikapita tena. Akasukuma pampu kwa nguvu zote, damu ikamrukia Berchmans machoni.

“Umefanya makusudi,” Berchmans akasema akijipangusa.

“Imeniponyoka.”

“Wivu umekuponyoka. Kesho tunarudia yote. Shati usilifue, doa libaki palepale. Halafu nenda.”

Nyiraneza akalianika vilevile, bila kulifua. Ndani sisimizi wangelila, lilikuwa sukari tupu. Jua lilikuwa upande wa barabara, basi akalianika upande wa barabara, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi Benon akamwita kwenye simu, safari hii hakugusa mizani.

“Ni mimi Uwamahoro. Berchmans wamemchukua. Wameona shati kwenye kamba, wanasema anaficha mpiganaji wa waasi aliyejeruhiwa. Wako naye kituoni kwa askari, wale majandarme.”

Kitambulisho cha Berchmans kilikuwa na lile neno moja la kabila ambalo siku zile lilitosha kumfanya mtu asionekane tena. Na sasa shati.

“Kamera iko wapi?”

“Iko kwangu, niliiwahi kabla hawajaiona.”

“Ilete na kaseti ya jana. Kimbia, ndugu yangu.”

Walimkuta Berchmans amekaa sakafuni, bila viatu, jicho moja limevimba. Shati lilikuwa juu ya meza ya mkubwa wao.

“Umelianika wewe?” Berchmans akamuuliza Nyiraneza kwa sauti ya chini.

“Ni mimi.”

“Mbele ya barabara?”

“Jua liko mbele ya barabara.”

Berchmans akageuza uso ukutani. Nyiraneza akaelewa anachofikiri, lakini hapakuwa na nafasi ya kumjibu. Akapiga magoti mbele ya mkubwa. “Afande, hiyo ni siro na muhogo. Angalia humu kwenye kamera. Tafadhali, baba.”

Kidirisha cha kamera kilikuwa kidogo, cha jicho moja, kisicho na rangi. Mkubwa akainama. Akaona mpira ukifungwa, kijana akianguka, damu nyeusi ikichuruzika, msichana akilia. Kisha maiti ikainuka ikigomba. Mkubwa akacheka.

“Rudisha.”

Akarudisha. Mkubwa akaita wenzake, wakapanga foleni kwenye korido, kila mmoja na jicho lake. “Rudisha pale anapoanguka,” walisema. “Hapo. Tena.” Nyiraneza alirudisha mpaka ncha ya kidole ikauma. Alikuwa akiwaangalia. Kila aliyetoa jicho kwenye kamera alimgeukia Berchmans pale sakafuni na kumtazama vizuri.

“Kumbe anajua kufa,” mkubwa akasema. “Nenda, bwana filamu. Chukua na tambara lako. Sura yako sasa sote tunaijua.”

Nje Uwamahoro akawaacha, akaenda kuificha kamera. Wawili hao wakashika njia, Berchmans akichechemea, shati kwapani.

“Nilidhani umeniuza,” akasema mwishowe.

“Nilikuwa na wivu. Kukuuza ni kitu kingine.”

“Nisamehe, mpenzi.”

“Nitakusamehe njiani. Leo usilale Kigali. Wale hawakuwa wanaangalia filamu, walikuwa wanakuangalia wewe.”

“Nina binamu Bukavu, ng’ambo ya mpaka. Gari la Cyangugu linaondoka saa nane.” Akasimama katikati ya barabara. “Sitaondoka peke yangu.”

Berchmans akaingia hadi kando ya kitanda cha Générose, jicho limevimba, akapiga goti. “Mama, sina wazee wa kuleta, wala muda. Namwomba binti yako. Leo.”

“Ni Kwaresima,” Générose akasema.

“Najua, mama.”

“Haombwi, wala hatolewi.” Akamtazama jicho, akatazama shati lile, akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni. “Nyiraneza, wewe unataka?”

“Wewe nani atakugeuza, mama?”

“Mke wa Benon ana mikono. Nimekuuliza kingine.”

“Nataka.”

Mama akashusha pumzi. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa chumbani. “Mimi sijatoa mtu,” akasema. “Nina usingizi. Mtu akilala hajui nani katoka.”

Akajigeuza kwa taabu, uso ukutani. Nyiraneza akainama amkumbatie, mkono wa mama ukamsukuma taratibu, ukamsukuma tena. Akachukua khanga yake na viatu. Alipoushika mlango, Générose akaanza rozari kwa sauti kubwa, kubwa kuliko alivyozoea kusali, asije akausikia ukifungwa.