Mpunga Uliopandwa kwa Mviringo

Fikirini ni mtoto wa mama yangu mdogo. Haya ninayoyasimulia, mengine aliniambia mwenyewe, mengine aliniambia mkewe Mwamvua, siku alipopata nguvu ya kuyasema. Yalianza siku ya kawaida kabisa. Fikirini aliamka kwake Kibiti, akanywa chai na mihogo ya kuchemsha, akamtania binti yao Yasmin kidogo, kisha akatoka kwenda mazoezini.

Kazi yake ilikuwa lori. Miaka nenda miaka rudi alipeleka mbao na ufuta Dar es Salaam na kurudi na saruji, na mgongo ulikuwa umeanza kukataa. Lakini kule mjini watu walimjua kwa jambo jingine: kudrifti, kulizungusha gari likiserereka ubavu. Alikuwa na gari, Altezza kuukuu, nyepesi, aliyoizungusha kwenye maonyesho ya magari mpaka vijana wakapanda ukuta kumshangilia. Ndipo Saidy, mkuu wa kikundi cha maonyesho hayo na rafiki yake wa siku nyingi, alipomletea Soarer nyeusi. Milango miwili, injini ya silinda nane, nguvu zote matairi ya nyuma.

"Ukiliweza hili kabla ya Iddi," Saidy alimwambia, "lori unaliaga. Unakuwa dereva wetu wa kudumu."

Mazoezi waliyafanyia kwenye uwanja wa kifusi waliouacha wajenzi wa barabara walipoondoka, ng'ambo ya mto, upande wa Mohoro. Pembeni kote ni bonde la mpunga.

Gari likamshinda. Altezza ukiiambia njoo, inakuja. Hili ukikata usukani linakaza shingo na kwenda moja kwa moja. Ukikanyaga mafuta kwa hasira, mkia unachomoka na kukuzungusha mpaka unatazama ulikotoka. Ukichelewa kurudisha usukani, mkia unajitupa upande wa pili kama mlango uliopigwa na upepo.

"Halilazimishwi hili, Fiki," Saidy alimwelekeza. "Gusa breki, uzito uje mbele. Subiri. Ukishausikia umehama, ndipo ukanyage mafuta. Kidogo kidogo."

"Nasubiri, Saidy. Nikisubiri linanipita."

Adhuhuri Saidy akaenda Ikwiriri kutafuta matairi mengine. Fikirini akajiegemeza kwenye gari, upande wa kivuli. Hapo akatokea mtu kutoka kwenye mpunga, anasukuma baiskeli. Mwanamume wa makamo, mpole wa sura, shati limepigwa pasi.

"Pole na kazi, ndugu yangu."

"Nimeshapoa."

"Naona unachoka bure."

Fikirini akacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Kaka, atakayenifundisha gari hili, wallahi nitamlimia shamba mpaka achoke yeye."

Yule mtu hakucheka. "Umesema?"

"Nimesema."

Akainamisha kichwa kama aliyepewa habari ya msiba, akaendelea kusukuma baiskeli yake. Alipokwisha kupita, Fikirini aliona jambo dogo. Bonde lilikuwa tope tupu, na nyayo za yule mtu zilikuwa safi kama zimetoka kutawadha.

Asubuhi iliyofuata aliamka amevunjika. Kiuno, mabega, vifundo vya mikono, vyote vilimuuma. Akasema ni gari hilo, uzito wake. Alipokuwa akitawadha aliona weusi chini ya kucha. Akausugua. Haukuwa grisi.

Lakini siku hiyo uwanjani, gari lilimsikia. Aligusa breki, akasubiri, akausikia uzito ukipita chini yake kuelekea mbele, na mguu ukakanyaga mafuta kabla hajauambia. Mkia ukatoka pole pole, mzito, ukakaa pale pale alipotaka ukae. Soarer ikachora duara zima kwenye kifusi, ubavu mbele, bila kuyumba. Saidy akashika kichwa.

"Nani kakufundisha?"

Fikirini akaitazama mikono yake. Mikono ilikuwa yake, ujuzi haukuwa wake. Na kila alipokata kona, upande wa abiria ulikuwa ukizama kidogo. Kama kiti kina mtu.

Siku zikaenda hivyo. Kila siku gari likizidi kumtii, yeye akizidi kuisha. Akawa analala magharibi na kuamka na macho mekundu. Chakula akakisukuma. Viganja vyake, viganja vya dereva, vikaota malengelenge, kisha sugu, pale pale mpini wa jembe unapokaa.

Mwamvua alikuwa amezaliwa na kukulia kwa wakulima. Sugu zile alizijua. Jioni moja alichukua kanga, akafunga mguu wa mumewe na wa kwake pamoja, fundo juu ya fundo.

Asubuhi fundo lilikuwa vile vile. Miguu ya Fikirini ilikuwa na tope mpaka magotini, bichi. Katikati ya vidole vyake vya mguu kulikuwa na jani la mche wa mpunga.

"Sikufumba jicho, baba Yasmin," Mwamvua alinong'ona. "Hukutoka. Umelala hapa hapa ubavuni mwangu."

"Basi nani amelima?"

Mwamvua alikuwa ameshaanza kufungua fundo.

Asubuhi ile walikwenda wote wawili uwanjani, wakapita, wakashuka bondeni. Palikuwa na jaruba la mpunga walilosema watu wa Mohoro kwamba halina mwenyewe tangu mafuriko. Sasa lilikuwa limepandikizwa lote. Lakini miche haikuwa kwenye mistari. Ilikwenda kwa mviringo, duara ndani ya duara, ikipanuka na kubanana kwenye kona. Fikirini aliitambua. Ilikuwa njia yake ya gari kule uwanjani. Pale alipozoea kukanyaga mafuta, miche ilisongamana. Pale alipoachia, iliachana.

Mwamvua akachutama ukingoni. Kulikuwa na nyayo kwenye tope. Akamshika mumewe mguu, akaulinganisha. Ulikuwa ule ule. Akazifuata kwa macho, akazunguka jaruba lote, akarudi alipoanzia.

"Zote zinaingia," alisema. "Hakuna unyayo unaotoka."

Yule mwenye baiskeli alikuwa amesimama nyuma yao. Hawakumsikia akija.

"Gari umelijua?" aliuliza.

"Nimelijua. Inatosha. Naomba nipumzike."

"Na mimi niliomba hivyo hivyo." Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa imechoka tu, uchovu ambao Fikirini hakuwahi kuusikia kwa mtu aliye hai. Akaitazama baiskeli yake. "Mimi nilitaka kuijua hii. Wakati huo zilikuwa mbili tu, kutoka hapa mpaka Utete. Nikamwambia mtu, nikamwapia, kama ulivyoniapia."

"Unatoka vipi?" Mwamvua akauliza. "Mwambie mwenzio anatoka vipi!"

"Akipatikana mwingine mwenye hamu ya kujua kitu, akatamka." Akailaza baiskeli kwenye majani, taratibu. "Mimi leo nitalala, shemeji."

Akaingia kwenye mpunga. Miche haikutikisika. Walipogeuka kuitazama baiskeli, palikuwa na majani matupu.

Saa hiyo hiyo wakasikia gari. Saidy alikuwa amefika uwanjani. Fikirini alimwendea akijikongoja, na Saidy, asiyejua lolote, akamshika bega kwa furaha.

"Fiki, mwenzangu, nifundishe na mimi. Nimekuwa nikikutazama, silali. Chochote unachotaka nitakufanyia, wewe nifundishe tu."

Fikirini aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli. Si bondeni. Hapo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, na neno lenyewe lilikuwa fupi: umesema? Mwili wake wote ulilitaka. Mifupa ililitaka. Aliona kitanda, aliona godoro, aliona usingizi wa kawaida wa mtu wa kawaida.

Akamtazama Saidy, rafiki yake.

"Sema hukusema," akamwambia.

"Nini?"

"Sema hukusema!"

"Haya, sikusema. Una nini wewe?"

Fikirini akamkabidhi funguo. "Lirudishe gari lako mjini. Na hapa usije tena."

Saidy alikasirika, wakaachana vibaya. Maonyesho ya Iddi yakapita bila Fikirini. Shehe alimsomea, na Mwamvua akamhamishia kwao Mloka, mbali, kule watu wanakolinda mashamba yasiliwe na tembo. Kwa muda akapata nafuu. Miguu ikaamka safi. Akaanza kula, akaanza hata kumtania Yasmin. Ila usingizi ulikuwa haumshibi. Alilala, akaamka, akawa vile vile.

Mpunga ulipokomaa walirudi Kibiti kuchukua vyombo vilivyobaki. Fikirini akamwomba mkewe wapitie bondeni, akaangalie mara moja tu. Mwamvua alikataa. Akakataa tena. Mwishowe akaenda naye kwa kuogopa asije akaenda peke yake.

Ilikuwa mchana, mawingu yametanda. Mpunga ulikuwa umesimama, mzito wa masuke, hakuna aliyeuvuna. Hata ndege hawakuwa juu yake. Walifuata mviringo mpaka katikati, na katikati majani yalikuwa yamelazwa chini. Yalikuwa yamelazwa kwa umbo la mtu, na Fikirini akamkumbuka yule mwenye baiskeli: leo nitalala. Mtu aliyejilaza ubavu, magoti ameyakunja, kiganja chini ya shavu.

Fikirini akainama, akagusa. Palikuwa na joto.

"Mwamvua," alisema kwa sauti ndogo, "nimechoka."

"Najua. Nishike mkono, twende."

Hakuushika mkono. Alikuwa akitazama pembeni ya lile umbo. Hapakuwa na upepo. Lakini mpunga wa pale, kwa urefu wa Fikirini mwenyewe, kuanzia kichwani kushuka miguuni, ulikuwa umeanza kuinama. Suke moja. Halafu jingine.