Mikoba Mitatu Uwanjani

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, mfagiaji aliona mkoba mweusi umeegemezwa ukutani kwenye njia ya chini wanayotokea wachezaji. Ndani yake kitu kilikuwa kinagonga, tik, tik, tik. Hakupiga kelele. Alilaza ufagio sakafuni kwa upole kama anayelaza mtoto, akavua ndala, akatimua mbio peku hadi getini.

"Upo mwingine," alimwambia mlinzi, pumzi juu juu. "Wa tatu huu."

Nje ya geti, vijana mia sita wa halaiki walikuwa wamejipanga wakingoja kuingia kwenye mazoezi saa tatu na nusu. Wakarudishwa nyumbani. Wataalamu wa mabomu walipoufungua mkoba walikuta yaleyale ya Jumanne iliyopita na ya Ijumaa: saa ya mezani ya bei rahisi, nyaya mbili zisizofungwa popote, na mfuko wa mchanga wa kilo mbili. Baruti hata ya kumtisha mende haikuwemo.

Lakini hofu haipimwi kwa kilo. Mashindano ya dunia yalikuwa yanafunguliwa Jumamosi, saa kumi jioni, kwenye uwanja huohuo. Mjumbe wa shirikisho la dunia, mtu mrefu mwenye sauti ya kusoma hukumu, aliwakusanya wakubwa akawaambia maneno machache.

"Mkoba wa nne ukionekana, mechi ya ufunguzi inahamia nchi nyingine. Sitajadiliana na mtu."

Kesi ilikuwa mikononi mwa Inspekta mmoja wa kike ambaye wenzake walimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alisimama mlangoni mwa njia ya wachezaji, mikono nyuma, akamwambia Sajini wake, "Nisomee."

Sajini akafungua daftari. "Jumanne, saa tatu na dakika tano, geti la ambulensi. Ijumaa, saa tatu kasorobo, geti la kaskazini. Leo, saa tatu na dakika kumi, hapa tulipo."

"Na hao wa halaiki huingilia wapi?"

"Hubadilishiwa, afande. Jumanne geti la ambulensi, Ijumaa kaskazini, leo hapa. Ratiba imebandikwa ukutani, hata paka wa uwanja anaijua."

"Basi huyu bwana ni muungwana."

"Muungwana, afande?"

"Anayetaka kuua hungoja nyumba ijae. Huyu anafukuza watu kabla hawajavua viatu."

Wakati huo mbwa wa kunusa walikuwa bado wanazunguka majukwaani, na hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga ndani. Hata hivyo Inspekta alisikia maji. Katikati ya nyasi alikuwepo mzee amekunja suruali hadi magotini, anaburuta mpira wa maji.

"Mzee! Toka huko! Hujasikia kuna bomu?"

"Nyasi hazijasikia, binti yangu," mzee akajibu bila kugeuka. "Hizi zinajua kiu tu."

Huyo alikuwa mtunza nyasi, waliyemwita Babu Nyasi, mwaka wa thelathini na moja kazini. Kwa sheria, uwanja ulifungwa siku mbili baada ya kila mkoba, asiingie yeyote. Inspekta alimtazama mzee, akatazama jua, akacheka kidogo, akamwandikia kibali cha kumwagilia. Akatia sahihi yake mwenyewe.

Saa tano na nusu, Sajini akaja na mtu amemshika ukosi.

"Tumempata, afande! Alikuwa amejibana chini ya viti, safu ya kumi na nne. Ni Spana, yule fundi wa viti aliyefukuzwa wiki mbili zilizopita. Na watu wanne walimsikia siku ile akiapa kwamba uwanja huu hautafunguliwa."

Spana alikuwa kijana mwembamba, kajaa vumbi la zege hadi kwenye nyusi. Wakamketisha chumba cha walinzi.

"Uliapa?" Inspekta akauliza.

"Niliapa. Mtu akifukuzwa kazi aseme nini, asante?"

"Uliingiaje bila kitambulisho?"

"Kwa lori la taka. Ndiyo maana nanuka hivi, mnisamehe."

"Ulifuata nini?"

Spana akainama. "Spana yangu. Namba ishirini na nne. Ni ya marehemu baba. Niliisahau chini ya kiti siku niliyofukuzwa."

Sajini akaguna. "Hadithi hiyo kamwambie bibi yako."

"Ungeomba getini," Inspekta akasema.

"Niliomba, mama. Wakaniambia andika barua kwa meneja. Nimeandika mbili. Barua ukiandika hapa, afadhali umwandikie maiti."

Sajini alimvuta Inspekta pembeni. "Afande, mafundi wa viti wana mchanga. Huchimbia skrubu kwa zege. Kesi imekwisha, tumpigie mjumbe simu."

"Twende kwanza tukauone huo mchanga."

Stoo ya mafundi ilikuwa wazi. Inspekta alichota mchanga kwenye lundo lao. Ulikuwa na kokoto, vipande vya saruji, hata kifuniko cha soda. Akafungua mfuko uliotoka mkobani, akausugua kwa vidole karibu na sikio. Ulikuwa laini, chembe zote sawasawa, hamna kijiwe.

"Huu umechekechwa," akasema. "Mtu ameukalia kitako akauchekecha. Nani anachekecha mchanga wa kumtishia mtu?"

Hata hivyo Spana alilazwa rumande. Kuingia bila kitambulisho nako ni kosa, na wakubwa walitaka jina la kumpa mjumbe.

Asubuhi ya Jumanne Inspekta alimhoji mwalimu wa halaiki, mama mnene mwenye filimbi shingoni, kwa sababu Sajini alikuwa amepata wazo jipya: vijana hawajaiva, kwa hiyo mwalimu anajinunulia siku.

"Najinunulia siku?" Mwalimu alisimama, kiti kikaanguka. "Kijana wewe una akili kweli? Nimepoteza siku sita! Jumamosi dunia nzima itanitazama, na watoto wangu bado wanageuka kushoto wakiambiwa kulia. Kama ningetega bomu ningelitega ofisini kwa meneja, maana ndiye aliyenipa wiki tatu kwa kazi ya miezi mitatu."

"Naomba usiseme hivyo mbele ya polisi," Inspekta akasema, akiokota kiti.

"Nimesema. Andika."

"Mazoezi yaliyobaki ni lini?"

"Alhamisi, saa tatu na nusu. Wanaingilia hapohapo kwa wachezaji. Tukiikosa hiyo, sijui."

Inspekta akaandika Alhamisi, akapiga mstari chini yake. Kisha akakumbuka neno la Spana kuhusu barua. Saa nane mchana alibisha kwa meneja.

"Barua wanazokuandikia wafanyakazi huenda wapi?"

Meneja, mwenye simu tatu mezani na zote zinaita, alionyesha droo kwa kidole. "Humo. Nitazisoma mashindano yakiisha. Sasa hivi sina hata nafasi ya kupiga chafya."

Droo ilifunguka kwa shida. Barua mbili za Spana zilikuwa juu juu, na zote mbili zilitaja spana namba ishirini na nne. Chini yake zilikuwepo bahasha kumi na moja za mwandiko mmoja, zote zimefungwa bado, kila moja ina alama ya kidole gumba cha udongo. Inspekta alisoma ya kwanza amesimama. Alipofika ya nne, akaketi. Alipomaliza ya kumi na moja alimwomba meneja zote kwa maandishi, akatoka bila kuaga.

Jumatano, saa mbili asubuhi, alimwacha Sajini kwenye ngazi, akazunguka uwanja kwa pembeni hadi kibanda cha mtunza nyasi. Mlangoni palikuwa na chekeche kubwa la waya, na chini yake lundo la mchanga laini kama unga. Babu Nyasi alikuwa anakunywa chai. Akamsogezea mgeni ndoo iliyopinduliwa.

"Kaa, binti yangu. Chai ipo, ila kikombe ni kimoja."

"Asante, Mzee. Huu mchanga ni wa nini?"

"Ni wa kuzifunika nyasi, mizizi ishike. Lazima uchekechwe. Kijiwe kimoja tu, mchezaji akianguka kinamchana kama wembe."

Inspekta aliweka mfuko wa mchanga juu ya goti lake. Mzee aliutazama, akaweka kikombe chini.

"Mtu asiyeogopa bomu," Inspekta akasema, "ama ni mwendawazimu, ama ndiye aliyelitega. Juzi ulipita palepale penye mkoba kwenda kufungua koki, na mbwa hawajamaliza. Mimi nikakuandikia kibali. Mikoba ilikutwa kila mara kwenye mlango ambao halaiki wangeingilia. Ukawa unatoa watu, halafu nyasi zinapumzika siku mbili, zinanywa maji. Nimeshindwa kuona nani mwingine alikuwa anafaidika, isipokuwa nyasi zenyewe."

Mzee akasema, "Viatu elfu moja na mia mbili, binti. Kila siku, saa nne nzima, wanarukaruka palepale. Umewahi kuona mizizi ikilia? Mimi nimeona. Inakuwa ya manjano, halafu ardhi inakuwa kama sabuni chini ya zulia."

"Nimesoma barua zako."

Akageuka kwa ghafla. "Zipi?"

"Zote kumi na moja."

"Kwa hiyo alizisoma? Meneja?"

"Hapana, Mzee. Zilikuwa hazijafunguliwa."

Babu Nyasi alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Barua kumi na moja hazikusomwa. Mkoba mmoja wa mchanga ukasomwa na dunia nzima."

"Ya nne imemtaja mwanao."

"Kishada." Alilitaja jina hilo la utani polepole. "Alikuwa anapaa, ndiyo maana wakamwita hivyo. Miaka sita iliyopita palifanyika sherehe hapa, wakajenga jukwaa juu ya nyasi, kesho yake wakaweka mechi. Nilisema pasichezwe. Kwa mdomo nilisema. Dakika ya ishirini Kishada akageuka, nyasi zikageuka naye, goti likabaki. Pale, unapaona? Mbele ya goli. Alipotoka hospitali akaniambia, 'Baba, wewe ndiye mtunza nyasi.' Basi. Hajanisemesha tena hadi leo. Mara hii nikaandika, nisije nikaambiwa sikuandika."

Inspekta alikunywa chai kwenye kikombe kile kimoja, akakirudisha.

"Wa nne uko wapi?"

Mzee alinyoosha mkono nyuma ya ndoo za mbolea. Saa ilikuwa tayari ndani ya mkoba, haijajazwa ufunguo.

"Ulikuwa wa kesho?"

"Wa kesho. Baada ya hapo zingepumzika hadi Jumamosi. Zingekuwa zimepona."

"Mzee, hukuambiwa? Mkoba wa nne ukionekana, mechi inahamishwa. Nchi nyingine kabisa. Hapa hapachezwi."

Mzee alitazama kile kijani chote mbele yake, ng'ambo hadi ng'ambo.

"Inahamishwa," akasema. "Kwa hiyo ningezitunza ili asizikanyage mtu."

"Na Spana amelala rumande usiku wa pili kwa ajili ya mikoba yako."

"Spana? Yule hawezi kuua hata mbu! Anamwomba msamaha kwanza!" Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Twende. Mtoe yule kijana. Mimi ndiye. Ila niruhusu nimwonyeshe mtu koki: alfajiri robo saa, jioni robo saa, upande wa kusini zaidi kidogo, kule jua ni kali."

Alimwonyesha Sajini. Sajini aliandika kila kitu kwenye daftari lilelile la mikoba, akauliza mara mbili kuhusu upande wa kusini.

Saa nne kamili Inspekta alikuwa mbele ya mjumbe, meneja na mwalimu wa halaiki. Akaweka mezani mkoba wa nne, kando yake barua kumi na moja. Akaeleza.

"Anastahili jela," meneja akasema. "Ametia nchi nzima hofu!"

"Hakimu atasema," Inspekta akamjibu. "Nitampelekea mkoba, na barua nitampelekea pia. Vyote ni ushahidi."

Mjumbe alisoma barua moja, akaipitisha kwa mwalimu wa halaiki. Mama yule aliisoma, filimbi imekaa kimya kifuani.

"Mbona hakuniambia mimi?" akasema. "Ningewapanga watoto pembeni, kwenye njia ya wakimbiaji, tangu siku ya kwanza. Hata kugeuka kungekuwa rahisi. Hakuna aliyeniuliza."

Mechi ikabaki. Halaiki ikahamia pembeni. Spana alitoka rumande siku hiyohiyo, na mlinzi wa geti mwenyewe ndiye aliyemletea spana namba ishirini na nne, imefungwa kwenye gazeti.

Jumamosi saa kumi jioni, kituoni, Inspekta alimtoa Babu Nyasi mahabusu akamketisha kwenye benchi la mapokezi, "kwa maelezo ya ziada". Redio ilikuwa juu ya kaunta. Askari walishangilia na kulaani, lakini mzee hakuuliza nani kafunga. Kila kelele ikipanda alikunja uso, akisikiliza kitu kingine.

Dakika ya sitini, mtu mmoja aliingia akichechemea, tiketi bado iko mkononi. Akaisogelea kaunta.

"Mimi ni Kishada. Nimesikia jana tu. Yuko wapi baba?"

Hakuna aliyehitaji kumwonyesha. Alisimama mbele ya benchi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Nilikuwa pale," akasema. "Nimekaa mbele kabisa. Nimewatazama miguu tu, Baba. Wanageuka kwa nguvu zao zote. Hawaogopi."

"Kuna aliyeteleza?"

"Hakuna."

"Upande wa kusini?"

"Hata huko."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Inspekta akasema, "Dakika zote hizi, Mzee, mtangazaji hajazitaja nyasi hata mara moja."

"Zikitajwa, ujue kuna mtu kaumia," Babu Nyasi akasema.

Kishada aliketi kwenye benchi, akaunyoosha mguu mbovu mbele yake kwa shida. Mzee aliweka kiganja juu ya goti lile, polepole, kama anayepima unyevu wa udongo. Kijana hakulisogeza.