Sabufa ya Bibi Nyamizi

Zablon alikuwa bado hajanunua sabufa, lakini mkewe Evaline tayari alikuwa anaisikia.

Alikuwa sebuleni kwao Ilembo, mchana kweupe, anachambua mchele. Hom thieta ilikuwa imezimwa, waya umechomolewa. Du. Du-du. Vikombe vikatikisika kabatini. Ikaja harufu ya ngozi inayoungua, Evaline akaenda jikoni kutazama moto ambao hakuwa ameuwasha.

"Besi utaitoa wapi kwenye vispika vile?" Zablon alicheka aliporudi kutoka Kashaulili na kusimuliwa. Mwezi mzima wimbo wake ulikuwa huo huo: majirani wote wana sabufa, yeye peke yake anasikiliza muziki wa mbu. Evaline alikuwa anakataa kwa sababu ya Kija, binti yao wa miaka sita, mwenye usingizi mwepesi. Sasa alikuwa na sababu nyingine, na aliona haya kuitamka.

Mdundo ule aliujua. Mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, aliupiga kila asubuhi kwenye ngoma ndogo iliyoning'inia juu ya kitanda chake. "Mkamwana, namsalimia mgeni wangu," alimwambia Evaline. Alipofariki, kuni za msibani ziliisha wali haujaiva, na Zablon, mtu aliyeokoka, asiyetaka mambo hayo ndani kwake, akaipasua ngoma kwa shoka na kuisukuma mafigani. Waombolezaji walikula wakashiba.

Siku ya tatu tangu Evaline asikie mdundo ule, Kija aligoma kula. Alikaa kwenye kochi amefumba macho, anajigonga kifuani kwa ngumi: mara moja, kisha mbili. Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Ndipo Evaline akamwita Pudensiana, mganga aliyecheza ngoma na Bibi Nyamizi tangu usichana wao.

Pudensiana aliingia, akanusa, akakataa kiti.

"Nyie mmeichoma," alinong'ona.

"Mama, mimi nilijua ni ngoma tu," Zablon alisema.

"Ilikuwa nyumba ya jini. Sasa hana pa kukaa, anagonga popote penye uwazi. Na kifua cha mtoto amekipenda."

"Tufanyeje?" Evaline aliuliza.

"Apewe ngoma nyingine. Ila kuichonga ni mwezi mzima, na huyu mtoto hamalizi wiki."

Evaline aliitazama ile hom thieta, akamtazama mumewe. "Baba Kija, kanunue sabufa."

Pudensiana alifikiri kidogo. "Kama inadunda na ina uwazi ndani, atakaa. Lakini isinyamaze mpaka niwaletee ya kuchongwa. Ikinyamaza tu, atarudi anapopajua."

Zablon hakungoja kuambiwa mara ya pili. Jua halijazama, sabufa ilikuwa kando ya ukuta inadunda, na Pudensiana ameweka mdomo kwenye tundu lake, anamwita mgeni taratibu kwa jina ambalo Evaline hakutaka kulisikia. Kija akafumbua macho, akaomba ugali.

Siku kumi sabufa ilidunda bila kupumzika. Evaline aliyekuwa hataki hata kuisikia, sasa aliipangusa vumbi kila asubuhi na kuishukuru moyoni.

Siku ya kumi na moja, saa tisa alasiri, alikuwa anamsuka Kija sebuleni, mvua inakuja kutoka upande wa Kasekese, na aliposikia ngurumo alinyanyua macho kuitazama taa ndogo ya bluu ya sabufa, akamwomba Mungu, akaendelea kusuka, mpaka taa ile ikazimika, na feni ikazimika, na nyumba nzima ikawa kimya kiasi kwamba alisikia kitana kikimtoka mkononi na kuanguka sakafuni. Alikimbilia jikoni, akachukua sufuria na mwiko, akapiga mara moja, kisha mara mbili, akapiga tena na tena huku analia, na ile harufu ya ngozi inayoungua ikampita mlangoni kwenda sebuleni.

Umeme ulirudi baada ya dakika chache. Taa ya bluu ikawaka, muziki ukaendelea, mwembamba kama wa mbu. Hauna besi hata chembe.

Evaline alirudi sebuleni, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha binti yake.

Du. Du-du.

"Mkamwana," Kija alisema kwa upole, "leo hujanisalimia."